Dirisha la Tano

Nina wivu. Nalisema mapema ili msomaji asihangaike kunitafutia sifa nyingine. Nilikaa miaka kumi na miwili nikiwa mtoto pekee wa kiume nyumbani kwetu, dada zangu watatu wakiniachia kiti, halafu akazaliwa mdogo wangu. Tangu hapo wivu wangu umekuwa kama pumu, unatulia lakini hauponi. Kwenye kanga wameandika mwenye wivu ajinyonge. Sikujinyonga, ila nilifanya jambo ambalo nimechelewa sana kulieleza.

Huku kwetu mteremkoni, kifungua mimba wa kiume hukatiwa kipande chake cha kihamba, shamba la ukoo, akaambiwa akajenge, na kitindamimba hubaki na nyumba ya baba. Ndivyo ilivyo na hakuna aliyenionea. Kipande changu kina migomba mizuri na mfereji unapita karibu. Lakini yeye alibaki na nyumba, na mikahawa aliyoipanda babu, na mama yetu akiwa humo ndani. Mimi nikienda kumsalimia mama napiga hodi kwenye mlango ambao nilimshikia baba misumari alipokuwa akiupachika. Mdogo wangu hata hajui misumari ile ilinunuliwa wapi.

Kazi ya kupandisha wageni mlimani nilimtafutia mimi. Nilikuwa tayari msaidizi wa kiongozi, na nilipoona anazurura nikampeleka Kiboriloni sokoni, tukachambua mitumba mpaka tukapata koti la baridi lenye zipu nzima na buti zilizomzidi kidogo. Akaanza upagazi. Mwaka wa pili akawa mhudumu wa hema la chakula, kisha msaidizi kama mimi, kisha kiongozi mkuu. Kumbukeni nani alikuwa bado msaidizi. Wageni walimpenda kwa namna iliyoniuma. Langoni siku ya kuagana walimkumbatia na kulia, mimi wakanipa mkono. Walimtumia buti mpya kutoka kwao, miwani ya jua, begi. Mimi niliwahi kutumiwa kalenda, nayo ilifika mwezi wa nne.

Na kibaya zaidi, alikuwa na adabu. Kila asubuhi kambini, mbele ya wapagazi arobaini, alikuwa akija kwangu kwanza: "Shikamoo kaka." Nami naitikia marahaba, halafu ananipangia kazi ya siku. Angekuwa na kiburi ningepumzika, ningemchukia kwa haki.

Vipimo vilikuja baadaye. Mmiliki wa kampuni yetu anaishi ng'ambo, na huko watu wa bima walimwambia kwamba wanaopandisha wageni mlimani lazima wapimwe mkojo kabla ya kila safari. Meneja wetu, mama mmoja wa hapahapa Moshi asiyependa maneno mengi, akatuita uani kwenye bohari la mahema akatuonyesha vikopo. Kikopo kimoja kilikuwa na vidirisha vitano ubavuni, kila kidirisha kikichungulia ulevi wake. Unasubiri dakika tano. Mstari ukitokea kwenye kidirisha, uko safi. Usipotokea, umekwisha. Wengi walielewa kinyume, na asubuhi ya kwanza mpishi wetu alipoona mistari yake mitano alianza kuwaaga wenzake. Dirisha la tano lilikuwa la bangi.

Mbege, pombe yetu ya ndizi, haikuwa na dirisha. Kulikuwa na mzee mmoja wa kubeba mitungi ya gesi aliyekuja kazini akinuka ndizi mbivu na ulezi mpaka nzi wanamfuata, naye alipita kipimo akiwa anaimba. Mimi nilicheka kama wengine. Nilichaguliwa kusimama mlangoni pa choo na orodha mkononi, kwa kuwa ni mzee wa kanisa na sijawahi kuvuta kitu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu anipite cheo mdogo wangu kupanga foleni na kupokea kitu kutoka mkononi mwangu. Niliipenda kazi ile.

Sasa nifike kwenye safari yenyewe. Kundi lilikuwa dogo, na ndani yake mama mmoja wa Kizungu, mwalimu mstaafu mwenye magoti mabovu na roho nzuri. Jioni ya pili kambini nilimpelekea maji ya moto, akanitolea kimfuko cha pipi laini za rangi, zilizonyunyiziwa sukari juu. Akasema zinamsaidia magoti na usingizi, nichukue moja. Nikauliza ni nini. Akasema zimetengenezwa kwa bangi.

"Kwetu zinauzwa dukani, na risiti unapewa," aliniambia. "Mwanangu anaendesha mashine kiwandani. Zamani walikuwa wanampima kila mara. Tangu sheria ibadilike wameacha. Wanaangalia kama kazi inakwenda."

"Kwetu hapa ni polisi, mama," nikamwambia.

Alishtuka kweli, maskini. Akazirudisha ndani ya begi akaniomba radhi, nami nikamwambia hakuna neno. Nililala nikiwaza nchi ambayo kitu kinachomfunga mtu hapa kinauzwa kule karibu na biskuti.

Tulishuka salama. Asubuhi ya mwisho, kambi ya msituni, wapagazi wakikunja mahema, nilimwona yule mama akimvuta mdogo wangu pembeni. Nafikiri aliogopa uwanja wa ndege kwa sababu ya maneno yangu, akataka kuachana na ule mzigo, na mtu wa kumwachia alikuwa ni yule anayempenda. Hata kosa lake alilipeleka kwa mdogo wangu. Kisha mdogo wangu akaja kwangu na kimfuko mkononi.

"Kaka, mgeni kanipa hizi. Kasema zinaleta usingizi, na eti wewe unazijua. Ni nini?"

Mimi nilikuwa nimeinama nafunga kamba ya kiatu. Siku moja kabla, kileleni, wageni walimnyanyua juu wakapiga naye picha, na mimi ndiye niliyepewa simu niwapige. Hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu. Sikupanga jambo. Sikuwaza foleni wala dirisha. Nilisikia tu mdomo wangu unasema:

"Pipi tu."

"Basi nitawapelekea watoto wangu."

"Watoto wataoza meno," nikasema haraka. "Kula mwenyewe. Usiwape watoto."

Akacheka, akatia moja mdomoni, akaenda zake kuhesabu mizigo. Mimi nikabaki na kamba ya kiatu mkononi. Hapo ndipo foleni na dirisha viliponijia. Tulitembea pamoja saa tatu nzima mpaka langoni, na katika saa tatu mtu anaweza kusema neno moja mara nyingi sana. Sikulisema.

Wiki iliyofuata tulipimwa kwa safari nyingine. Alinisalimia, akapokea kikopo, akarudi nacho, tukakiweka mezani kwenye kivuli. Mistari minne ilikuja upesi. Tuliusubiri wa tano kwa dakika tano, halafu meneja akasema tuongeze nyingine tano. Alikuwa anampenda kazini kama kila mtu. Pale kwenye dirisha palibaki peupe. Mdogo wangu alikitazama kikopo, kisha akaniangalia mimi, kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Meneja akamuuliza ametumia nini. Akajibu, "Sijavuta kitu, mama. Zaidi ya hapo sina la kusema." Wakapima cha pili. Kilikuwa vilevile. Jioni hiyo alirudisha redio ya kampuni na hema lake.

Cheo cha kiongozi mkuu nikapewa mimi. Lazima niseme ukweli, nilifurahi. Safari ya kwanza niliongoza mbele nikahisi mgongoni macho ya watu wote, na nikajua sasa jinsi alivyokuwa akihisi yeye miaka yote ile. Langoni wageni walinikumbatia, mmoja alilia. Nikajiuliza kama amelia sawasawa na walivyomlilia yeye.

Kijijini habari haikuchukua hata siku mbili. Bangi, mtoto wa mzee yule, mwanakwaya. Alijitoa kwenye kwaya kabla hajaambiwa. Kahawa ya kihamba haiwezi kulisha nyumba, hivyo akateremka Kahe kwenye shamba la chini la baba, akaanza kulima vitunguu, akipanda kurudi nyumbani mara moja kwa wiki. Mama yetu alinikalisha jikoni akaniuliza, "Wewe uko naye mlimani kila siku. Mwanangu anavuta bangi?"

"Sijamwona akivuta, mama," nikasema, na ilikuwa kweli.

"Basi kuna mtu kamfanyia kitu. Kikulacho ki nguoni mwako. Kuna mtu hapo kazini ana roho mbaya."

Aliniwekea mtori wa ndizi bakulini, akaniongeza nyama iliyokuwa yake. Nikala yote, maana ningeiacha angeuliza.

Ulipita mwaka mzima na zaidi. Halafu asubuhi moja ya vipimo nikafungua boksi jipya lililotoka ng'ambo, nikatoa kikopo, nikaona kina vidirisha vinne. Nikatoa kingine. Vinne. Nikakipeleka kwa meneja nikidhani tumetumiwa vibovu.

"Si vibovu," akasema bila kuinua kichwa. "Mmiliki kaandika. Kwao sheria imebadilika, kampuni nyingi zimeacha kupima bangi. Anasema aliyevuta Jumamosi si lazima awe amelewa Jumatatu, na wao wakiendelea kuwafukuza watu kwa hilo hawapati wafanyakazi. Kwa hiyo wananunua vya madirisha manne kwa wote, na sisi tunaletewa vilevile."

"Na hapa kwetu?"

"Hapa sheria iko palepale. Nikimkuta mtu na bangi mlimani nampeleka polisi mwenyewe. Ila kwenye kikopo haipo tena." Hapo ndipo aliponitazama. "Nilimfikiria mdogo wako. Yule kijana hakufanana na jambo lile. Kungekuwa na mtu wa kunieleza lilimwingiaje mwilini, ningemrudisha kesho. Wewe hujui lolote?"

Nikasema wacha nijaribu kumuuliza. Nikatoka nje na kikopo changu nikasimama uani. Mtu huyo aliyekuwa anatafutwa dunia nzima alikuwa mmoja tu, na alikuwa amevaa koti la kiongozi mkuu.

Siku zile nilijibishana na nafsi yangu kama wakili mbaya. Nilisema mwenyewe alikuwa mtu mzima, alikula kwa mdomo wake. Nilisema mimi ndiye wa kwanza kuzaliwa na sijawahi kupata kitu mbele yake. Nilisema vitunguu vinamlipa vizuri. Yote hayo yalikuwa na ukweli kidogo, na hakuna hata moja lililonisaidia kula. Ndipo nikapata wazo ambalo mtu wa huku tu anaweza kulipata.

Kwetu kuna isale. Ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani mwa vihamba, na ukimkosea mtu, unachukua jani lake, unalifunga fundo, unampelekea. Aliyeletewa isale hakatai kusamehe. Hata wazee wetu walipomfuata mchungaji na kuacha mambo mengi ya zamani, hili hawakuliacha. Kesi nzito zimeisha kwa jani lile. Na mimi, mzee wa kanisa, nililichukua kwa sababu hiyohiyo. Nilijua hawezi kukataa. Nikasema nitapata msamaha Kahe Jumapili, na Jumatatu nitaendelea na kazi yangu. Ofisini hawahitaji kujua ya nyumbani.

Baada ya ibada nikakata jani mpakani, kati ya kipande changu na cha kwake, nikalifunga, nikaliweka ndani ya koti. Bodaboda ikaniteremsha mpaka Kahe kwenye joto na vumbi. Nilimkuta amekunja suruali, anafungulia maji ya mfereji yaingie kwenye vitunguu. Amekonda na kuwa mweusi wa jua. Na, Mungu anisamehe, shamba lilikuwa zuri, mistari imenyooka, nikahisi ule mkwaruzo wa zamani hata pale.

"Shikamoo kaka," akasema, kabla hajanawa mikono.

 Nikatoa jani nikalishika kwa mikono miwili. Akaliona. Akaweka jembe chini polepole, akajifuta mikono kwenye shati, akalipokea. Hakuuliza kosa ni lipi. Mimi ndiye nikaanza kusema, habari za pipi, za yule mama, kwamba aliniambia mapema ni nini, kwamba nilijua.

"Najua kaka," akasema.

"Unajua nini?"

"Nilijua siku ileile ya kipimo, tulipokuwa tunasubiri mstari. Sikuwa nimeingiza kitu kigeni mwilini zaidi ya zile pipi, moja kila usiku. Mgeni alisema wewe unazijua. Nikakumbuka ulivyosema. Wewe watoto wangu hujawahi kuwanyima pipi, unawapa mpaka mama yao anagomba. Siku ile tu ndiyo ukakumbuka meno."

Nikamuuliza kwa nini hakusema ofisini. Akayatazama maji yalivyokuwa yakienda.

"Ningesema wangekufukuza wewe, na una watoto wawili chuoni. Tena nilikuwa na hasira kaka, sikufichi. Nilikaa huku nikasema sikanyagi kwako. Lakini kila nikikasirika namkumbuka yule mwanangu wa mwisho, alikuwa na miaka minne. Ungenyamaza tu, ningempa. Hukunyamaza. Basi nikaona hujaharibika wote."

Nilikuwa nimekuja na jani lisiloweza kukataliwa, kumbe mlango ulikuwa wazi mwaka mzima. Ningependa kusema nililia kwa toba. Nililia, ndiyo, lakini ndani ya kilio kile kulikuwa na wivu mkubwa kuliko wote niliowahi kuwa nao. Nyumba ya baba alipewa, wageni walimpenda wenyewe. Hili la kusamehe hakuna aliyempa, alilifanya peke yake shambani, na mimi nisingeliweza.

Akanikaribisha kivulini, akanimiminia maji. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ofisini umeshapita?"

"Bado."

"Kule hawajui isale, kaka."

 Alilichomeka lile jani kwenye paa la kibanda chake, akarudi kwenye maji yake kwa sababu zamu ya mfereji ilikuwa inaisha.

Jumatatu nilifika kabla meneja hajafungua mlango. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Aliponiuliza kwa nini nilifanya vile nikamwambia, "Wivu." Akaniangalia kama mtu aliyetegemea sababu ndefu zaidi. Akanivua cheo papo hapo, akaniambia nikae nyumbani mpaka aniite, na huenda asiniite. Nilirudisha redio, ileile aliyoirudisha mdogo wangu.

Aliniita baada ya wiki tatu. Alisema mdogo wangu amekubali kurudi kwa sharti moja, kwamba na mimi nirudi, msaidizi kama zamani. "Usinishukuru mimi," akasema meneja. Sikumshukuru. Mama yetu nilikuwa nimeshamwambia mwenyewe, jikoni palepale. Hakunigombeza. Alikaa siku nyingi akinipa chakula bila kunitazama usoni, na siku aliyonitazama tena aliniongeza nyama.

Safari ya kwanza tuliyopanda tena pamoja, mdogo wangu ndiye aliyesimama mlangoni pa choo na orodha. Nikapanga foleni. "Shikamoo kaka," akanipa kikopo. Madirisha manne, mistari minne. Akaandika jina langu kwenye walio safi, kwa mwandiko wake mzuri.

Jioni, kambi ya kwanza, wapagazi wamekaa wanakunywa uji, alikuja nilipokuwa nimeinama nafungua kamba ya kiatu. Akatoa kitu mfukoni kilichofungwa kwenye karatasi, akaninyooshea.

"Kaka, kula."

"Ni nini?"

"Pipi tu."

Nilimtazama usoni. Hakuwa anacheka. Mkono wake ulikuwa umetulia kabisa, unasubiri. Nikaichukua, nikaifungua, nikaitia mdomoni. Ilikuwa ya tangawizi, zile za dukani Kiboriloni, iliwasha kidogo. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuwauliza wageni kama wamepata maji ya moto, na mimi nikabaki naifyonza taratibu, nikiuonea wivu ule mkono.